Mtoto Anayeuguza Naye Atue Mzigo

(Haya ni mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Sikonge. Soma polepole. Ukimaliza, msomee jirani.)

 

Leo sitazungumza juu ya tumbaku wala juu ya bei ya asali. Nitazungumza juu ya mtu mmoja aliyemo vijijini mwetu ambaye anafanya kazi usiku na mchana, na hakuna anayemwita mfanyakazi. Mtu huyo ni mtoto anayeuguza.

Mtoto anayeuguza ni nani? Ni mtoto ambaye mtu mzima wa nyumba yake anamtegemea. Pengine mama yake amelala kitandani miezi mingi. Pengine bibi yake amepata kiharusi, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Pengine baba haoni. Pengine mdogo wake amezaliwa na ulemavu, au ana kifafa, hawezi kuachwa peke yake karibu na moto. Wazima wengine wa nyumba hiyo wamekufa, au wamehama, au wako porini wiki nyingi kurina asali. Basi mzigo wote unaanguka kichwani kwa mtoto.

Hebu tuchukue mfano. Kuna msichana wa miaka 12. Anaishi na bibi yake mgonjwa na mdogo wake wa miaka mitano. Anaamka kabla ya jogoo. Anakwenda kisimani. Anawasha moto, anapika uji. Anamgeuza bibi, anamwosha, anafua nguo zilizochafuka usiku. Anampa dawa. Anamwandaa mdogo wake. Ndipo anakimbia shule. Anafika amechelewa, anaadhibiwa. Darasani anasinzia. Mwalimu anasema mtoto huyu ni mvivu. Jioni anarudi, kazi ni zile zile. Usiku bibi akikohoa, mtoto anaamka. Kesho yake ni hivyo hivyo. Jumamosi ni hivyo hivyo. Idi na Krismasi ni hivyo hivyo.

Jamani, huyu si mvivu. Huyu amechoka.

MSAADA NI MZURI, MZIGO UNA KIPIMO

Najua wako watakaosema: "Mbona sisi tulilelewa hivyo? Mtoto kumsaidia bibi yake ni adabu njema." Ni kweli kabisa. Mtoto anayechota maji, anayefagia, anayempelekea babu fimbo yake, anajifunza utu. Sisemi watoto wakae kama wageni.

Lakini kuna tofauti kati ya kusaidia na kubebeshwa. Mtoto anayesaidia, yupo mtu mzima nyuma yake. Akichoka atasema, na kazi itaendelea. Mtoto aliyebebeshwa, nyuma yake hakuna mtu. Akichoka, bibi hatakula. Akilala sana, mgonjwa atakosa dawa. Hofu hiyo ndiyo inayomla mtoto kuliko hata kazi yenyewe.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mzigo usioubeba wewe unauona mwepesi kama pamba. Ndivyo tunavyomwona mtoto huyu akipita njiani na ndoo. Tunasema, "Mtoto hodari huyu!" Kisha tunakwenda zetu. Sifa yetu haimpunguzii hata kibaba kimoja cha maji.

WAPAGAZI WALITUA

Sisi watu wa Tabora tunajua habari za mizigo. Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilikwenda kwa vichwa na mabega ya watu. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda mpaka Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30 hivi. Safari ilikuwa ya miezi.

Waliwezaje? Nguvu walikuwa nazo. Lakini nguvu peke yake haitoshi miezi mitatu. Waliweza kwa sababu msafara ulikuwa na utaratibu. Walitembea, halafu walitua. Walipiga kambi, wakapika, wakalala. Kulikuwa na siku za kukaa kambini. Pembe kubwa sana iliyomshinda mmoja, walitafutwa wabebaji wawili. Wake na watoto wa wapagazi nao walifuata, lakini mtoto alibeba kilichomfaa mtoto: mkeka, kibuyu, chungu kidogo.

Basi jiulizeni. Mpagazi, mtu mzima, alitua mzigo kila siku. Mtoto wetu anayeuguza anatua lini?

WATOTO KAMA HAWA WAKO KILA MAHALI

Msidhani mambo haya ni ya Sikonge peke yake. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoonekana mara ya kwanza nchini mwetu, mwaka 1983, ulionekana mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi kule zilibaki na bibi na wajukuu tu. Bibi akizeeka, mjukuu ndiye anayegeuka kuwa mlezi.

Watu wa Nshamba, katika wilaya ya Muleba, hawakukaa kulia tu. Watoto yatima walisaidiwa kuunda umoja wao, wakauita Vijana Simama Imara. Walilima pamoja, waliweka akiba, na mmoja akipata shida wenzake walikwenda kwake. Tena kukaanzishwa shirika la Kwa Wazee. Lilianza kuwapa wazee wanaolea wajukuu fedha kidogo kila mwezi. Mwaka 2008 ilitoka taarifa juu ya kazi hiyo, na jina la taarifa lilikuwa la chumvi, sabuni na viatu vya shule. Sikilizeni vizuri: chumvi, sabuni, viatu. Fedha kidogo, lakini inakuja kila mwezi, mtoto anajua itakuja. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Haiji mara moja ikapotea.

Hata nchi tajiri zina watoto hawa. Katika sensa ya mwaka 2011, huko England peke yake, walihesabiwa watoto zaidi ya 166,000 wa miaka 5 hadi 17 wanaowatunza ndugu zao. Mwaka 2014 sheria ya kule iliagiza halmashauri kuchunguza hali ya mtoto wa namna hiyo na kuona anahitaji msaada gani. Wanazo klabu ambako watoto hao hukutana, wakacheza na kuongea na wenzao wenye shida kama zao. Basi kama wenye hospitali nyingi na magari mengi wanaona mtoto huyu anahitaji mapumziko, sisi tusione haya kusema hivyo.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Tanzania tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Inataja haki ambazo mzazi au mlezi lazima amtimizie mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi. Tena inataja jambo moja ambalo wengi hatulijui: haki ya kucheza na kupumzika. Ndiyo! Mchezo wa mtoto umeandikwa katika sheria ya nchi, pamoja na chakula na dawa.

Sheria hiyo hiyo inampa kila mwananchi wajibu. Ukijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, unatakiwa kutoa habari kwa serikali ya mtaa au ya kijiji chako. Huwezi kusema, "Hayo ni ya nyumba ya watu." Inasema pia kwamba mtoto asinyimwe haki yake katika mali ya mzazi wake aliyefariki. Neno hili tutalirudia.

TUFANYE NINI? MAMBO SITA

Sasa nakuja kwenye kazi. Kisomo chetu kinaitwa kisomo chenye manufaa. Basi tukipe manufaa. Chukua daftari na kalamu.

Jambo la kwanza: tuwajue. Kila kitongoji kiandike nyumba ambazo mtoto ndiye anayeuguza. Mwenyekiti wa kitongoji, mwalimu na mhudumu wa afya wakae pamoja. Mwalimu anamjua anayechelewa. Mhudumu wa afya anamjua mgonjwa. Jirani anajua nani huchota maji usiku. Orodha hiyo isisomwe mkutanoni wala isibandikwe ukutani. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Mtoto akichekwa kwa ajili ya ugonjwa wa mama yake, mmemwongezea mzigo badala ya kumpunguzia.

Jambo la pili: zamu. Hapa ndipo penye moyo wa mazungumzo yangu. Nyumba nne au tano za jirani zikubaliane kumpokea mtoto mzigo kwa siku maalum. Andikeni hivi:

Jumanne: nyumba ya kwanza inaleta maji ndoo tatu.
Alhamisi: nyumba ya pili inafua nguo za mgonjwa.
Jumamosi, saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni: nyumba ya tatu inakaa na mgonjwa. Mtoto yuko huru.
Jumapili: nyumba ya nne inapika chakula cha jioni.

Mnaona? Hakuna aliyetoa shilingi. Kila nyumba imetoa saa chache kwa wiki. Lakini mtoto amepata siku ambayo anaijua. Anasema moyoni, "Jumamosi nitacheza." Mtu akijua kambi iko mbele, hata miguu yake inapata nguvu.

Jambo la tatu: mapumziko marefu wakati wa likizo. Shule zinapofungwa, mtoto apate siku tatu, au tano, au wiki nzima ya kutoka. Aende kwa shangazi, kwa mjomba, au kwa rafiki wa familia anayeaminika. Mtu mzima ahamie kwa mgonjwa siku hizo.

Lakini lazima tuwe waangalifu. Mgonjwa aulizwe kwanza, naye akubali nani atamwosha. Mwanamke aoshwe na mwanamke. Mtoto naye aulizwe anataka kwenda wapi. Asilazimishwe kulala kwa mtu anayemwogopa, na yule anayempokea ajulikane na kijiji. Tena mapumziko yasiwe ujanja wa kupata kibarua. Kumtoa mtoto kwa bibi ili akachume tumbaku kwa shangazi siyo kumpumzisha, ni kumbadilishia jembe tu. Na mnajua wenyewe kwamba jani bichi la tumbaku, hasa likiwa na maji, lina sumu inayopita kwenye ngozi. Linamletea mtoto kizunguzungu na kutapika.

Jambo la nne: shule. Mwalimu mmoja apewe kazi ya kumwangalia mtoto huyu. Akichelewa, aulizwe kwanza sababu kabla ya kuadhibiwa. Akikosa somo, mwenzake amwazime daftari. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na ada ya sekondari mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia mwaka 2016. Lakini sare, madaftari na viatu bado vinadai fedha. Hapo ndipo kamati ya shule na wazazi wenye uwezo waingie.

Jambo la tano: afya ya mtoto mwenyewe. Anayemuuguza mtu wa kifua kikuu apelekwe kupimwa. Dawa za kifua kikuu ni bure, na dirisha la nyumba lifunguliwe hewa ipite. Anayemwosha mgonjwa mwenye vidonda aombewe glovu zahanati, aonyeshwe namna ya kuzitumia, na anawe kwa sabuni. Mtoto asimnyanyue mtu mzima peke yake. Mgongo wake bado unakua. Mhudumu wa afya amwonyeshe namna ya kumgeuza mgonjwa kwa shuka, wakiwa wawili.

Tena aulizwe na moyo wake. Mtoto anayeuguza huwa na maswali ambayo hamwulizi mtu: "Mama atakufa? Mimi nitakwenda wapi? Ni mimi niliyekosea kumpa dawa?" Kaa naye. Msikilize. Usimwambie tu, "Nyamaza, wewe ni mkubwa sasa." Yeye si mkubwa.

Jambo la sita: serikali. Kijiji kiwasiliane na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulipoanza mwaka 2012, wanakijiji wenyewe katika mkutano ndio waliotaja kaya zenye shida. Nyumba ya bibi mgonjwa na mjukuu ni rahisi kusahauliwa, kwa sababu hakuna anayekwenda mkutanoni kuisemea. Basi iseme wewe. Na kama mtoto anapigwa, ananyimwa chakula au anafanyiwa ubaya wowote, ipo simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Hailipiwi. Mtoto anaweza kupiga, na mtu mzima anaweza kupiga.

MSAADA USIWE WA SIKU MOJA

Ndugu zangu, naomba niseme jambo ambalo litawaudhi wachache. Kila mwaka tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo iliwekwa mwaka 1991 kuwakumbuka watoto wa Soweto, Afrika Kusini, waliouawa mwaka 1976. Ni siku njema. Lakini mara nyingi tunafanya nini? Tunawaita watoto wenye shida mbele, tunawapa sukari kilo moja na sabuni mche mmoja, tunapiga picha, tunakwenda zetu mpaka mwakani.

Mvua ya siku moja haioteshi mahindi. Sabuni itakwisha wiki mbili. Mgonjwa bado yuko kitandani. Afadhali mtu mmoja anayekuja kila Jumamosi mwaka mzima kuliko watu mia wanaokuja siku moja.

Tena kuna saa moja ambayo msaada wetu hukatika kabisa. Ni siku mgonjwa anapokufa. Tunazika, tunaanua matanga, tunaondoka. Ati kazi imekwisha! Hapana. Mtoto ndipo anabaki peke yake. Jana alikuwa na mtu wa kumwita, leo nyumba imenyamaza. Ndipo ndugu wa mbali wanapotokea kuuliza shamba na bati za nyumba. Hapo kijiji kisimame, kikumbuke yale ya sheria niliyosema. Zamu iendelee. Aamuliwe mlezi, kwa kumsikiliza mtoto mwenyewe, na wadogo wake wasitawanywe ovyo kama vifaranga.

TUSIMTENGE NA MTU WAKE

Neno moja zaidi. Wengine wakiona shida ya mtoto huyu wanasema, "Apelekwe kituo cha yatima." Polepole! Mtoto huyu anampenda bibi yake. Watoto wengi wanaficha shida zao kwa sababu wanaogopa tutawatenganisha. Tukija kama watu wa kunyang'anya, watafunga mlango. Tukija kama majirani wa kupokezana, watafungua. Mapumziko maana yake mtoto anatua mzigo kisha anarudi kwa mtu wake, akiwa na nguvu na uso mkunjufu. Kumwondoa nyumbani kuwe jambo la mwisho, pale tu ambapo nyumba yenyewe ina hatari kwake.

Hapa Sikonge tunalo jambo la kujivunia. Zamani, wakati watu wa ukoma walipokimbiwa kila mahali, walikuwa wanaletwa hapa, kwenye hospitali ya Wamoraviani, wakatunzwa. Leo ukoma unapona kwa dawa. Lakini jina la Sikonge limebaki kuwa jina la mahali ambapo mgonjwa hakutupwa. Basi asitupwe mgonjwa, wala asitupwe mtoto anayemuuguza.

Mkono mmoja haulei mwana. Na mkono wa mwana mmoja hauwezi kumlea mzee peke yake. Kabla jua halijatua leo, fikiria nyumba moja jirani na kwako. Unaijua. Nenda, bisha hodi, umwambie yule mtoto: "Mwanangu, Jumamosi nitakaa na bibi. Wewe nenda kacheze."

Halafu Jumamosi ikifika, uende kweli.



MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya mtoto anayesaidia na mtoto aliyebebeshwa?
2. Kwa nini orodha ya nyumba zenye wagonjwa isisomwe mkutanoni?
3. Katika kitongoji chenu, ni nyumba zipi nne zinazoweza kuanza zamu? Ziandike zamu zao kwenye daftari.
4. Msaada wa mtoto huyu uendelee namna gani baada ya mgonjwa kufariki?